Chumba Kisichoonekana

Msomaji wangu, kabla hujasoma zaidi, nakuomba upige kofi moja tu, kisha unyamaze. Kama upo darasani peke yako, saa za jioni wenzako wakiwa uwanjani, utasikia kofi lako likigonga kuta na kukurudia kwa mlio mfupi. Kama upo bwenini, katikati ya magodoro na mablanketi, kofi hilo hilo litakufa hapo hapo. Mikono ni ile ile na nguvu ni ile ile. Kilichobadilika ni chumba. Jambo hilo dogo, ambalo mtoto yeyote aweza kulijaribu, nilichelewa sana kulijua, na kuchelewa kwangu kulinitia aibu mbele ya mtu niliyempenda kuliko wote walionifundisha.

Nilipokuwa katika shule ya sekondari tulikuwa na piano moja kuukuu, yenye vibao vitatu visivyolia. Mwalimu wetu wa muziki aliitunza kama mfugaji atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Hakumruhusu mtu kuweka kikombe juu yake, na kila Jumamosi asubuhi alitufundisha bila malipo sisi wanafunzi wanne tulioipenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makali. Aliweza kusimama nje ya mlango, akisahihisha madaftari, na huku akasema, "Kidole cha nne kimelala." Nilipomaliza shule niliiacha piano ile nyuma yangu, wala sikuwa na uwezo wa kununua nyingine. Miaka ikapita. Hata mwaka 2016, nilipokuwa karani jijini Nairobi na nina chumba changu cha kupanga, nikapata kibodi iliyokwisha tumika, nikaiunganisha na kompyuta, na ndani ya kompyuta nikaweka programu ya piano.

Huenda wewe hujapata kuiona programu ya namna hiyo, kwa hiyo nitakueleza. Piano ya kweli ina nyuzi za chuma na nyundo ndogo zilizovikwa manyoya yaliyoshindiliwa. Piano ya programu haina kimojawapo. Watu wameketi na piano ya kweli, wakarekodi kila sauti yake, kwa mguso mwepesi, kwa mguso wa kadiri na kwa mguso mzito, wakaziweka sauti hizo zote katika hifadhi. Ubonyezapo kibao, kompyuta hupima wepesi wa kidole chako, ikachagua sauti inayolingana nacho. Ziko pia programu nyingine, kama Pianoteq iliyotoka Ufaransa mwaka 2006, ambazo hazitumii sauti zilizorekodiwa. Hizo hukokotoa mwendo wa nyuzi na nyundo kwa hesabu, papo kwa papo. Kwa njia yoyote kati ya hizo, maskini asiye na nafasi wala fedha aweza kuwa na piano kubwa ya tamasha chini ya kitanda chake, na akavaa hedifoni ili jirani wapate usingizi.

Katika pembe ya kioo cha programu yangu palikuwa na vifungo vichache vilivyowekwa pamoja. Juu yake paliandikwa neno ambalo mafundi wa sauti hulitamka riverbu. Sikujua maana yake. Nilibonyeza, orodha ya majina ikafunguka: chumba, ukumbi, bamba, kanisa kuu. Nikachagua kanisa kuu. Kisha nikagusa vibao vitatu kwa pamoja, nikaondoa mikono.

Nywele zilinisimama. Sauti haikukoma nilipokoma. Ilipanda, ikatandaa, ikafifia polepole kama moshi wa ubani. Niliyekuwa nimekaa juu ya kigoda, karibu na jiko la mafuta ya taa, nilijiona nimeketi chini ya dari ya mawe ndefu kupita miti. Tangu usiku huo sikukigusa tena kifungo kile. Kwa muda wa miaka miwili nilipiga piano ndani ya kanisa kuu lisilokuwako, na kila siku nilijisifu moyoni kwamba ninaendelea vyema.

Mwaka 2018 mwalimu wangu alistaafu. Shule iliandaa karamu ya kumuaga, nami nikaombwa kupiga muziki kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani. Nilichagua sonatina ya kwanza katika kitabu cha Muzio Clementi kilichochapwa mwaka 1797, kwa kuwa ndiyo aliyonifundisha yeye mwenyewe. Ni kipande kifupi, chepesi machoni, kilichojaa ngazi za nota zinazopanda na kushuka mbio. Nilikifanyia mazoezi mwezi mzima. Katika hedifoni zangu kilimeremeta.

Ukumbi ulikuwa mpana, lakini dari yake ilikuwa ya chini, ya mbao laini zilizojaa vitundu. Madirisha yalifunikwa mapazia mazito kwa ajili ya sherehe, na watu wapatao 300 walikuwa wameketi wakiwa wamevaa makoti na mitandio yao. Mwalimu alikaa mstari wa mbele. Niliinama, nikaketi, nikaanza.

Msomaji, kila nota niliyoigusa ilianguka chini kama punje ya mahindi juu ya mkeka. Iligusa, ikanyamaza. Baina ya nota moja na nyingine nikasikia mapengo ambayo sikupata kuyasikia maishani mwangu: hapa kidole kimeinuka mapema, pale kidole kimechelewa, huku nota mbili zimegongana, kule nyingine haikulia kabisa. Nilitafuta ule moshi wa ubani uliozoea kuniziba mapengo, nisiuone. Kwa hofu nikakanyaga kanyagio la kulia, lile linaloziacha nyuzi zote zilie bila kuzuiwa, nikaliganda. Matokeo yake yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana sauti za sehemu moja ziliingia katika sehemu ya pili, zikachanganyika kama rangi katika maji machafu. Nilifika mwisho kwa rehema ya Mungu. Watu walipiga makofi ya adabu. Mwalimu naye alipiga, lakini alikuwa akitazama miguu yangu.

Baada ya chakula nilimwendea, nikainamisha kichwa. "Mwalimu," nikasema, "nisamehe. Nyumbani huwa napiga vizuri kuliko hivi."

Akaniuliza ninapiga wapi, nikamweleza habari za kompyuta na kanisa langu kuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, miaka miwili hii umekuwa ukipiga kanisa. Piano hujaipiga bado. Njoo Jumamosi."

Jumamosi hiyo alinipeleka katika darasa tupu, madawati yakiwa yamesukumwa nje kwa ajili ya kusafisha. Akapiga kofi moja. Mlio ulizunguka darasa zima. Halafu akawaita wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuwa wakipita, wapatao arobaini, wakajipanga ndani na sweta zao. Akapiga kofi tena. Safari hii lilisikika fupi na wazi. "Debe tupu haliachi kuvika," akasema, na watoto wakacheka bila kujua kwa nini.

Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza jambo hili kwa utaratibu, na niliyoyapata nataka kukugawia. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, mwangwi na mvumo. Ukisimama mbele ya jabali na kuita, sauti yako huenda, hugonga, hurudi ikiwa moja, nawe huitambua. Huo ni mwangwi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na sikio huhitaji kadiri ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ili litenganishe sauti iliyokwenda na iliyorudi; ndiyo sababu jabali lapaswa kuwa mbali nawe angalau mita 17. Lakini ndani ya chumba, ukuta uko mita mbili tu. Sauti huurudia baada ya sekunde 0.012, kabla sikio halijaitambua kuwa ni mgeni. Hurudi kutoka ukuta huu na ule, kutoka darini na sakafuni, kisha marejeo hayo nayo hugonga na kurejea tena, mpaka yakawa maelfu yasiyohesabika. Mkusanyiko huo unaofifia taratibu ndio mvumo, na ndio unaoitwa riverbu katika programu.

Mtu aliyeupima mvumo kwa hesabu kwanza alikuwa Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika, kwa kuwa kila neno lilidumu hewani kama sekunde tano na nusu na kulifunika lililofuata. Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipotulia. Alipuliza bomba la kinanda cha kanisa, akalinyamazisha, akapima kwa saa muda ambao sauti iliendelea kusikika. Kisha yeye na wasaidizi wake wakabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga, wakapima tena. Kila mito ilipoongezeka, mvumo ulipungua. Alipima pia miili ya watu, na hata dirisha lililo wazi, kwani sauti itokayo dirishani hairudi. Mwishowe akapata kanuni yake: chumba kikiwa kikubwa, mvumo hurefuka, vitu laini vikizidi, mvumo hufupika. Kwa kanuni hiyo alisaidia kujenga ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900, nao hadi leo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani. Nami niliposoma habari hizo nilikumbuka makoti na mitandio ya watu 300, nikafahamu kwamba siku ile ukumbi haukunionea. Ulitenda kama kanuni itakavyo.

Sasa turudi kwenye vifungo. Majina hutofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, lakini kazi zake ni zile zile.

Kifungo cha kwanza ni cha muda wa kufifia. Hesabu yake ni ya sekunde, na maana yake ni muda unaopita mpaka sauti ipungue kwa desibeli 60, yaani nguvu yake ibaki sehemu moja katika milioni. Chumba cha kawaida chenye kitanda na nguo hakifiki hata sekunde moja. Ukumbi mwema wa muziki huwa na sekunde mbili hivi. Kanisa kubwa la mawe huweza kupita hapo mbali sana. Fikiri basi: kipande kikienda kwa nota 8 kila sekunde, na mvumo ukawa wa sekunde 4, basi kila nota mpya huzaliwa katikati ya mabaki ya nota 32 zilizotangulia. Nyingi zimekwisha dhoofika, ni kweli, ila zote zimo. Nyimbo za taratibu za kwaya hupendeza humo. Ngazi za Clementi huzama.

Cha pili ni cha kuchelewesha, nacho huhesabiwa kwa milisekunde. Huonyesha kitambo kinachopita baina ya sauti ya piano yenyewe na mvumo kuanza. Katika milisekunde moja sauti husafiri sentimita 34. Kwa hiyo milisekunde 20 ni sawa na kuambia sikio kwamba sauti iliyogonga ukuta imetembea karibu mita 7 zaidi ya ile iliyokuja moja kwa moja. Kitambo hicho kidogo huiacha nota ijitokeze kwanza, kama mwenyeji anayetoka mlangoni kabla ya jamaa zake. Ukikifuta, nota na mvumo hutoka kwa pamoja na nota huonekana imefunikwa.

Cha tatu ni cha kupunguza sauti nyembamba. Mapazia, mazulia, nguo na hata hewa yenyewe humeza sauti nyembamba upesi kuliko nzito. Chumba kisichomeza chochote husikika cha baridi, kama bafu la vigae. Ongeza kipimo hiki, nawe utasikia kama mtu ametundika mapazia.

Cha nne, ambacho ndicho kikuu, ni cha mchanganyiko. Mafundi huita sauti ya piano tupu sauti kavu, na ile iliyopita chumbani sauti iliyolowa. Kifungo hiki huamua maji yawe kiasi gani. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu maji ni matamu. Zingatia pia kwamba sauti zilizorekodiwa katika ukumbi huwa zimekwisha kulowa zenyewe. Ukiongeza chumba juu ya chumba, hutapata uzuri maradufu, utapata ukungu.

Majina ya orodha nayo yana historia. Mwaka 1947, mjini Chicago, fundi Bill Putnam aliweka spika na maikrofoni ndani ya msala wa studio yake, akapeleka muziki humo na kuurekodi tena ukiwa na mvumo wa vigae. Mwaka 1957 Wajerumani walitoa mashine ya EMT 140, bamba la chuma jembamba lililoning'inizwa ndani ya sanduku kubwa na kutikiswa kwa sauti. Ndiyo asili ya jina bamba. Katika miaka ya 1961 na 1962 Manfred Schroeder, wa maabara za Bell huko Marekani, alieleza jinsi kompyuta iwezavyo kutengeneza mvumo kwa hesabu peke yake. Siku hizi hufanyika pia hivi: fundi huingia katika ukumbi wa kweli, hupasua puto au hupiga mlio maalumu, akarekodi namna ukumbi unavyoujibu. Jibu hilo hutiwa katika programu, na tangu hapo piano yoyote yaweza kulia kana kwamba imo ndani ya ukumbi huo.

Mimi nilijiwekea sheria. Nifanyapo mazoezi, mchanganyiko huwa sifuri au karibu yake, ili nisikie mapengo yangu mapema, nikiwa peke yangu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa wakizungumza habari za piano, lakini wangaliweza. Kipande kikiisha kukaa vidoleni, ndipo nakifungulia chumba: ukumbi wa sekunde moja na nusu au mbili, na mchanganyiko wa asilimia 10 hadi 20. Kisha napiga sauti tatu kwa pamoja, nanyamaza, nasikiliza. Nikiuona mvumo kabla sijaiona piano, nimezidisha. Nitumiapo spika badala ya hedifoni napunguza zaidi, kwa maana chumba changu cha kweli nacho kinaongeza chake. Wala siuchanganyi mvumo na kanyagio. Kanyagio hutii mguu, na ukiinua mguu nyuzi hunyamaza. Mvumo hautii mguu wa mtu.

Nilidhani nimekwisha jifunza yote, kumbe palibaki moja. Miaka michache baada ya kustaafu, masikio ya mwalimu wangu, yale makali, yalianza kudhoofika. Alivaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Hakuweza tena kusafiri kwenda mjini, kwa hiyo nilirekodi ile sonatina ya Clementi, niliyokuwa nimeirudia kwa bidii, nikampelekea kwa simu. Nilitaka kumpendeza, nikaipamba kwa ukumbi mpana. Hakujibu. Baadaye binti yake aliniambia, "Baba ameisikiliza mara tatu. Anasema ni kama watu wanaozungumza katika nyumba ya jirani. Anajua wapo, lakini hajui wanasema nini. Hakutaka kukuambia."

Nilikaa kitako. Nilitafuta maelezo, nikayapata: mkia wa nota yenye nguvu huifunika nota dhaifu ifuatayo. Masikio mazima hutenganisha hayo bila taabu, lakini sikio lililodhoofika hushindwa, na kifaa kinachoikuza nota hukuza na mkia wake. Uzuri niliomtumia ndio uliokuwa ukuta baina yetu. Usiku huo niliirekodi sonatina upya. Nilifuta ukumbi wote. Niliacha piano kavu, kama ilivyolia siku ile ya aibu yangu, na mara hii sikuwa na mahali pa kujificha wala sikupatafuta.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, simu yangu ililia. Sauti ya mwalimu ilikuwa ya juu kidogo, kama walivyo watu wasiosikia vizuri. Hakunisalimu.

"Kidole cha nne," akasema, "bado kimelala."

Sijapata kusifiwa kwa neno lililonifurahisha kama hilo. Nikamjibu, "Naam, Mwalimu, nitakiamsha," naye akacheka, tukazungumza mpaka nikachelewa kazini.

Msomaji, nawe una vifungo vyako, hata kama huna piano. Siku utakapovishika, anza na sauti kavu. Ijue. Halafu uliza ni nani atakayekusikiliza, na yuko katika chumba gani, kisha umfungulie dirisha au umtundikie pazia, kwa kadiri amhitajivyo.